Kariakoo Haihitaji Kufufuliwa



Kila panapozungumzwa mpango wa kuliboresha jiji la Dar es Salaam, Kariakoo haikosi kutajwa, na mara nyingi hutajwa kama mgonjwa mahututi: ifufuliwe, ihuishwe, irudishiwe hadhi. Jioni ya leo napingana na kauli hiyo. Kariakoo haijafa wala haijalala. Nenda Mtaa wa Kongo Jumamosi moja ya kuelekea Idi au Krismasi, ujaribu kutembea hatua kumi bila kupigana vikumbo na mtu. Eneo la namna hiyo halipungukiwi uhai. Linapungukiwa na vitu ambavyo hakuna mwenye kiwanja hata mmoja awezaye kuvijenga peke yake, na kwa sababu hiyo vimebaki bila mwenyewe. Mpango wa kweli wa Kariakoo uanze na vitu hivyo.

Kwanza tukumbushane jinsi Kariakoo inavyofanya kazi, maana anayepanga bila kulijua hilo atabomoa huku akidhani anajenga. Mfanyabiashara anayetoka Lubumbashi, Ndola, Lilongwe au Moroni hafuati duka moja. Anafuata wingi wa maduka yaliyobanana. Akitaka simu na vifaa vyake anakwenda Aggrey. Nguo, Kongo. Spea za magari, anashuka Gerezani. Asubuhi moja anapita kwenye fremu nyingi zinazouza kitu kilekile, anasikia bei ya huyu na ya yule, anashika kitambaa kwa vidole, anapiga picha na kumtumia mwenzake aliyebaki nyumbani. Winga, yaani mpiga debe anayewaletea wenye maduka wateja, anamkamata mlangoni, anampandisha ngazi hadi stoo ya ghorofa ya tatu ambako mzigo wenyewe uko. Adhuhuri wameshakubaliana. Jioni belo linafungwa kwa kamba na kuandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu nene, na usiku, kama linakwenda Ndola au Lubumbashi, liko ndani ya lori linaloelekea mpaka wa Tunduma.

Nyuma ya biashara hiyo moja yupo kuli, yupo mwenye mkokoteni, yupo mama lishe aliyewalisha wote, yupo wakala wa fedha za simu, na yupo dalali aliyempatia mwenye duka ile fremu. Hawa wote wanaitana kwa sauti. Ukimchukua mmoja wao ukampeleka kilometa tano, hata kwenye jengo zuri lenye vigae, utakuwa umemkata na wateja wake na umewakata wateja na yeye.

Mpangilio huu haukuchorwa na ofisi yoyote. Wakoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza, walipogawa viwanja upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja, walikuwa wanatafuta mahali pa kuwaweka Waafrika, mbali na Wazungu waliokaa ufukweni na Wahindi waliokaa katikati ya mji. Uwanja wa Mnazi Mmoja wenyewe uliachwa wazi uwe mpaka wa kutenga watu. Ndiyo sababu mitaa ya Kariakoo imenyooka na viwanja vyake ni vidogo: vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na jiko, mbele baraza. Baraza zile ndizo zilizoanza kuuza, sahani ya vitumbua hapa, meza ya khanga pale, na mji wa kulala ukageuka mji wa kuuza.

Baada ya Uhuru, Serikali ilifanya jambo moja kubwa. Mwaka 1974 ilitungwa sheria iliyoanzisha Shirika la Masoko ya Kariakoo, na mwaka 1975 likafunguliwa soko lile lenye paa la zege la miamvuli iliyopinduliwa, kazi ya msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli. Watu wengi wanalisifu kwa sura yake. Mimi nalisifu kwa akili iliyomo ndani. Amuli alijiuliza mzigo utaingia wapi na mteja atapita wapi. Biashara ya jumla akaishusha chini ya ardhi, rejareja akaiweka juu, ili gunia la vitunguu na mama mwenye kikapu wasigombanie mlango mmoja. Swali hilo, la mzigo na mteja, ndilo ambalo mitaa iliyolizunguka soko lake haijawahi kujibiwa.

Kisha ukaja ulegezaji wa biashara wa miaka ya 1980, bidhaa za nje zikaanza kumiminika, na kiwanja cha Kariakoo kikawa dhahabu. Tuchukue kiwanja kimoja, msikilizaji, tukitazame kwa karibu. Nyumba ni ya marehemu babu. Warithi ni wengi, na hakuna mwenye fedha ya kujenga. Anakuja mwekezaji na maneno matamu: mimi nina fedha, ninyi mna ardhi, tujenge tugawane. Warithi watapata ghorofa kadhaa na fremu mbili tatu, au watalipwa wakanunue nyumba Kigamboni au Chanika. Nyumba ya vyumba sita inabomolewa, na pale pale linapanda jengo la ghorofa nane au kumi. Kila upande umepata haki yake na sheria haijavunjwa. Lakini mtaa ni uleule. Upana wake ni uleule, mtaro ni uleule, na chemba ya maji machafu ni ileile. Ua mmoja wenye choo kimoja sasa una maduka chini, stoo katikati na wapangaji juu. Zidisha kiwanja hicho kwa mamia ya wenzake, ndipo utaelewa kwa nini maji machafu hufurika barabarani hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Ndani ya jengo hilo fedha haiko sawa kila ghorofa. Fremu ya chini, inayotazama barabara, ndiyo yenye thamani. Ili kuipata haitoshi kulipa kodi ya mwezi. Kuna kilemba, kitita anachodai anayekuachia mlango kabla hujaingiza hata boksi moja. Ghorofa ya kwanza bei inashuka, ya pili inashuka zaidi, na ya nne anapanda mteja anayejua anachokifuata tu. Mwenye jengo akiona hivyo, akili yake inakimbilia pande mbili. Wa kwanza ni kuigawa fremu moja kuwa mbili, na mbili kuwa nne, mpaka korido ya kupitia watu nayo inawekewa meza. Wa pili ni kuchimba chini apate maduka mengine karibu na barabara. Na vyumba vya juu visivyopata wateja vinageuzwa stoo.

Hapo kuna hatari ambayo macho hayaioni. Sakafu ya chumba cha kulala husanifiwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Stoo huhitaji sakafu yenye nguvu mara kadhaa ya hiyo. Panga mabelo ya mitumba au maboksi ya vigae hadi dari katika chumba kilichochorwa kwa ajili ya kitanda na kabati, halafu fanya hivyo ghorofa tatu mfululizo. Jengo halipigi kelele wala kutoa notisi.

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Mtaa wa Mchikichi. Waliofariki walizidi ishirini, na makumi ya wengine walitolewa kwenye kifusi siku hiyo na zilizofuata, baadhi wakizungumza na waokoaji kutoka chini huku wakipelekewa maji na hewa kwa mipira. Rais aliagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe. Tulikuwa tumeshapata onyo Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na hapo, na kuua zaidi ya watu thelathini. Hapo katikati, Julai 2021, Soko Kuu la Amuli lenyewe liliungua.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja unaona kwamba Kariakoo inaumizwa na mafanikio yake. Kila mtu amejenga chake, na kila kilicho cha wote kimeachwa kama kilivyokuwa enzi za nyumba za vyumba sita.

Sasa tuangalie dawa tuliyozoea kuitoa. Mara nyingi imekuwa moja: hamisha watu. Pale Ilala, karibu na Karume, lilijengwa Machinga Complex kwa fedha za mkopo kutoka NSSF. Nia ilikuwa njema, kumtoa juani machinga, yaani mchuuzi wa barabarani. Lakini miaka nenda rudi sehemu kubwa ya jengo ilibaki bila wafanyabiashara. Kisa chake hakihitaji utafiti mkubwa. Machinga anaishi kwa mtu anayepita. Anayeshuka kwenye basi la mwendokasi kituo cha Msimbazi au Gerezani ananunua soksi kwa sababu zimemkuta njiani. Hawezi kukata kona, akapanda ghorofa kwenda kuzitafuta. Umempa machinga paa ukamnyang'anya njia.

Baadaye tukayumba kutoka upande hadi upande. Mwaka 2016 ikaelekezwa machinga wasibughudhiwe. Mwishoni mwa 2018 wakagawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000, na wengi wakaamini kitambulisho ni hati ya kukaa popote, mpaka mlangoni mwa duka la mlipa kodi. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani, vibanda vikavunjwa. Miezi haikuwa mingi meza zikaanza kurudi, moja moja, jioni kwanza, kisha mchana. Mwenye duka analalamika kwamba anazibiwa mlango. Machinga analalamika kwamba kila utawala una amri yake. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanalipia kukosekana kwa mpango unaosema mtaa huu unatumika vipi, na nani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.

Kwa hilo tungeweza kujifunza kwa wenzetu wa Durban, Afrika Kusini. Wana eneo linaitwa Warwick Junction, kando ya stesheni ya reli ya Berea, ambako laki kadhaa za watu hupita kila siku na maelfu wanauza barabarani. Miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, jiji lile lingeweza kuwafagia. Badala yake liliweka timu ya wataalamu wake pale pale, ikafungua ofisi kati ya wafanyabiashara, ikawasikiliza kundi kwa kundi. Wauza dawa za asili waliokuwa wamelala kwenye lami pamoja na mizizi yao walijengewa soko juu ya daraja la barabara ambalo halikumaliziwa. Zege lililokuwa limesimama bure likawa soko, tena kwenye njia ileile ya wateja wao. Miaka ilipopita jiji likabadili mawazo. Mwaka 2009 likataka kuvunja Soko la Alfajiri, lililokuwapo tangu 1910, lijengwe jumba la maduka la kisasa. Wafanyabiashara waligoma, wakaenda mahakamani, na jumba halikujengwa. Jiji lilelile, eneo lilelile: lilipowauliza watu njia ya kufanya kazi lilifanikiwa, na lilipokuja na ramani iliyokwisha kuchorwa lilikwama.

Najua kuna msikilizaji anayesema: iache Kariakoo ijifie, wenye mitaji wahamie majengo mapya. Ubungo, mahali palipokuwa stendi kuu ya mabasi ya mikoani, kimeshajengwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya elfu mbili. Sina ugomvi nacho, na ushindani ni mzuri. Ila mwenye mtaji mdogo hataingia huko kesho. Kariakoo bado ndipo mahali ambapo kijana aliyeshuka basi kutoka Singida anaweza kuanza kwa kumbebea mtu mzigo, akawa winga, akapata meza, akashirikiana fremu na mwenzake, na baada ya miaka akaagiza kontena lake. Ngazi hiyo haijengwi kwa zege. Ukiivunja huwezi kuitangazia zabuni ijengwe upya.

Basi tufanye nini? Nina manne.

La kwanza, mzigo. Lori haliwezi kushusha saa sita mchana Mtaa wa Sikukuu huku bajaji, bodaboda na mikokoteni vikitafuta njia hiyohiyo. Mapema mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo. Wengi waliuona kama habari ya kununua viatu usiku wa manane. Mimi naona ndani yake fursa kubwa zaidi: usiku uwe wa malori, mchana uwe wa watu. Itajwe mitaa ya kushushia na saa zake, ziwekwe taa, polisi wawepo, na kuli wa usiku awe na basi la kumrudisha Mbagala au Gongo la Mboto. Stoo za mizigo mizito nazo zihamie kwenye magodauni pembeni ya mji, Kariakoo ibaki na sampuli na mzigo wa siku chache. Ghorofa zitapumua.

La pili, moto na majengo. Njia za zimamoto zichorwe chini kwa rangi, na zisikodishwe kwa mtu yeyote, hata na halmashauri inayotafuta ushuru wa maegesho. Kila jengo libandike mlangoni cheti kinachosomeka: lina ghorofa ngapi, kila ghorofa imeruhusiwa kutumika kwa kazi gani, lilikaguliwa lini. Mpangaji anayetoa kilemba cha mamilioni ana haki ya kujua kama paa lililo juu ya kichwa chake lilisanifiwa libebe stoo au libebe vitanda. Na anayetaka kuchimba chini ya jengo lililokwisha kusimama, majirani wajulishwe kwa maandishi kabla jembe halijagusa ardhi.

La tatu, mtaa uwe na mwenyewe. Leo barabara ni ya TARURA, maji machafu ni ya DAWASA, mabasi ya mwendokasi ni ya DART, moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na vibali vya ujenzi ni vya Halmashauri ya Jiji. Chemba ikifumuka Tandamti, mwenye duka anazungushwa ofisi hadi ofisi. Iwepo ofisi moja ya Kariakoo, iliyo Kariakoo, yenye wahandisi wake na uwezo wa kuamua, na sehemu inayojulikana ya ushuru unaokusanywa pale ibaki pale. Wafanyabiashara wakiona mtaro umechimbwa kwa fedha yao, hata mazungumzo ya kodi yatabadilika. Tusisahau kwamba Mei 2023 walifunga maduka siku kadhaa mpaka Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Watu wanaoweza kukubaliana kufunga maduka, wakipewa meza na ramani, wanaweza pia kukubaliana mzigo ushuke saa ngapi na machinga akae upande gani.

La nne ndilo zito kuliko yote: nani anarudi. Soko lilipoungua, Serikali ilitenga takriban shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine kando yake, na kazi ikaanza 2022. Majengo ni jambo la kushukuru. Lakini kote duniani ambako eneo la biashara limejengwa upya, anayeumia ni mwenye faida ndogo. Muuza nyanya na mchicha hawezi kushindana kwa kodi na muuza vifaa vya simu. Ukiacha bei ipange yenyewe, miaka michache ijayo tutakuwa na soko kuu lisilo na chakula, na mama wa Ilala au Magomeni aliyezoea kununua vitunguu kwa bei ya jumla atavinunua kwa mchuuzi wa nne. Kwa hiyo iandikwe kwenye mpango, mita kwa mita, sehemu gani ni ya vyakula na kodi yake haitapanda kwa kushindanishwa na maduka ya simu. Na aliyekuwa na meza kabla ya moto atajwe kwenye orodha iliyobandikwa hadharani, asitegemee kufahamiana na mtu.

Msikilizaji, mipango ya jiji huletwa kwetu kwa picha nzuri: ghorofa za vioo, miti iliyokatwa vizuri, watu wachache wenye nguo safi wanatembea taratibu. Ukionyeshwa picha ya Kariakoo ya namna hiyo, usibishane na rangi ya majengo. Muulize diwani wako, umuulize na mbunge wako: lori linashusha wapi katika picha hii? Gari la zimamoto linapita wapi? Na muuza nyanya aliyekuwapo jana, katika picha hii anakaa wapi na kwa kodi ya shilingi ngapi? Akikujibu yote matatu kwa jina la mtaa na kwa tarakimu, muunge mkono, kwa sababu hapo kuna mpango. Akikwambia hayo yatashughulikiwa baadaye, mwambie aurudishe mezani, maana hayo ndiyo Kariakoo yenyewe.